Video za darasani: simu, kompyuta, katuni ya picha moja moja au slaidi zenye sauti?

Mwalimu anayetaka wanafunzi watengeneze video kwa kawaida huanza na swali moja: tutumie programu gani? Majibu yako mengi, na karibu yote ni sahihi, ndiyo maana hayamsaidii. Swali lenye faida ni lingine. Darasa lina wanafunzi 48, limegawanywa makundi 8 ya watu 6. Katika kila dakika ya kipindi, ni wangapi kati ya hao sita wana kazi mkononi? Njia nne zinazolinganishwa hapa zinapishana sana kwenye hesabu hiyo, kuliko zinavyopishana kwa uzuri wa picha.

Ili ulinganisho uwe wa haki, kazi ni ileile kwa njia zote: video ya Biolojia ya dakika 2 hadi 3 inayoonyesha mbegu ya maharage inavyoota. Muda ni wiki mbili hadi tatu. Vifaa ni vya shule iliyojaliwa kiasi: simu 2 za walimu, kompyuta 10 za maabara zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, projekta moja, na umeme unaokatika bila kuaga. Wanafunzi hawana simu, kwa sababu shule nyingi za Tanzania na Kenya haziruhusu waje nazo.

| | Simu peke yake | Simu kurekodi, kompyuta kuhariri | Katuni ya picha moja moja | Slaidi zenye sauti |
|---|---|---|---|---|
| Wenye kazi kwa wakati mmoja, kati ya 6 | 1–2 | 2–3 | 4–5 | 5–6 |
| Vipindi vya dakika 40 | 4–5 kwa kila kundi, kwa zamu | 7–9 | 6–7 | 4 |
| Intaneti | Mara nyingi inatakiwa | Kupakua programu tu | Kupakua programu tu | Haihitajiki |
| Kinachoharibika sana | Nafasi ya simu kujaa | Faili kupotea njiani | Mwanga kupepesa | Sauti kukatwa mwanzoni |

Vipindi vilivyotajwa ni makadirio ya kundi linalofanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Mara ya pili huwa vinapungua, hasa kwenye kompyuta.

Simu peke yake

Hii ndiyo njia inayokimbiliwa na kila mtu. Unarekodi na kuhariri kwenye kifaa kimoja, na matokeo yanapendeza haraka. Programu tatu ndizo zinazotajwa sana: CapCut, KineMaster na InShot.

CapCut ina mambo mengi kuliko wenzake, na hapo ndipo mtego ulipo. Baadhi ya maandishi, vichujio na madoido ni ya kulipia. Mwanafunzi anayachagua bila kujua, anafanya kazi nusu saa, na akifika kwenye kuhifadhi ndipo programu inamwambia alipie. Kabla kundi halijaanza, waonyeshe alama ya Pro na uwape amri moja: chenye alama hiyo hakiguswi. Programu pia hubandika kipande chenye nembo yake mwishoni mwa video. Kiguse kipande hicho kwenye mstari wa vipande, kifute, basi. Tena masharti yake yanataka mtumiaji awe na umri wa miaka 13 au zaidi, kwa hiyo kwa darasa la tano isifikiriwe kabisa.

KineMaster hufanya kazi vizuri bila intaneti. Toleo la bure huacha nembo kwenye kona ya picha muda wote, na kwa kazi ya darasani hilo si dhambi. Sifa yake ambayo wengi hawaijui ni kwamba inaweza kutoa mradi wote kama faili moja ya .kine, ukauhamishia kwenye simu nyingine yenye KineMaster. Shule yenye simu mbili inaihitaji sana sifa hiyo. InShot ni nyepesi na rahisi, inafaa kukata na kuunganisha tu. Nembo yake huondoka ukitazama tangazo, maana yake bando.

Sasa hesabu za nafasi. Simu ikirekodi kwa ukali wa picha wa 1080p, fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde, hula takriban MB 130 kwa dakika moja ikiwa inatumia mfumo wa kubana video wa H.264. Makundi 8, kila moja likirekodi dakika 15 za malighafi, ni GB 15 na ushee. Simu ya GB 32 ambayo mwalimu tayari ameijaza picha za harusi haitoboi. Teremsha hadi 720p, utatumia karibu nusu ya hapo, na kwenye projekta ya darasani hakuna atakayeona tofauti. Pili, weka kikomo cha picha: vipande 12, kila kimoja sekunde 10, wakirudia kila kipande mara mbili tu. Kundi lisilo na kikomo litarekodi mbegu ileile kwa dakika nane na kisha litakuuliza likate wapi.

Weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kurekodi. Kwa simu nyingi, mtu akipiga tu, rekodi inakatika, na wakati mwingine kipande chote hakihifadhiki. Halafu usifute video kwenye galari kwa kisingizio cha kupunguza mzigo kabla mradi haujatolewa. Programu hizi huenda zikawa zinarejea faili zilezile za galari, ukizifuta unabaki na mraba mweusi.

Lakini kasoro kubwa ya njia hii haitibiki kwa mipangilio. Kioo cha inchi sita kina nafasi ya kidole kimoja. Mmoja anahariri, wa pili anachungulia begani, wanne wanapiga soga. Ukitoa alama za kundi, umempa alama yule mmoja ambaye kaka yake ana simu nyumbani. Njia hii inafaa kwa klabu ya wanafunzi 5 au 6, au shule inayojiandaa kwa tamasha la maigizo na filamu la shule na vyuo la Kenya, ambako kuna muda na kikosi kidogo kilichochaguliwa. Kwa darasa zima haifai, hata kama simu zingekuwa nne.

Simu kurekodi, kompyuta kuhariri

Hapa watu wawili au watatu wanaweza kukaa mbele ya kioo kimoja, mmoja akishika kipanya, mmoja akisoma karatasi ya mfuatano (kipande kipi kinafuata kipi), mmoja akisikiliza sauti kwa hedifoni. Kompyuta 10 zinatosha makundi 8, na mbili zinabaki akiba, maana kwenye maabara yoyote ya shule moja huwa haiwaki siku ya kazi.

Programu za bure zinazostahili kufikiriwa ni Shotcut na OpenShot. Zote zinafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, hazina nembo wala sehemu ya kulipia, na ukishazipakua mara moja kwenye flashi unaziweka kwenye kompyuta zote bila intaneti. DaVinci Resolve ni bora zaidi kuliko zote mbili, lakini inataka RAM ya GB 16. Kwenye kompyuta ya GB 4 ni kumpandisha punda kwenye mnazi. Clipchamp inakuja na Windows 11 na inataka akaunti na intaneti. Windows Movie Maker iliondolewa na Microsoft Januari 2017. Kama bado imo kwenye kompyuta ya zamani, itumieni bila wasiwasi, ila msiitafute mtandaoni, kwa kuwa baadhi ya zinazojiita jina hilo ni programu za ulaghai.

Kati ya OpenShot na Shotcut, ya kwanza ni rafiki machoni: unaburuta kipande, unakiangusha, unaandika kichwa, umemaliza. Kwenye kompyuta dhaifu, hata hivyo, huchoka mapema, na ikichoka hufunga bila kuaga. Shotcut ina sura kavu na humchanganya mtu siku ya kwanza, kwani lazima aelewe kwamba kipande kinafunguliwa kwanza, kisha kinapelekwa kwenye mstari wa vipande, na kwamba karibu kila badiliko linaitwa kichujio. Siku ya pili wanaizoea. Kwa RAM ya GB 4, Shotcut ndiyo ya kuchagua. Wenyewe wanaoitengeneza wanashauri angalau GB 4 kwa video ndogo na GB 8 kwa video ya HD, kwa hiyo kwenye maabara yetu tunakwenda hivi:

Kwenye menyu ya Settings, washa Proxy ili programu itengeneze nakala nyepesi ya kila video na kuitumia wakati wa kuhariri. Video yenyewe hurudi wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Hapohapo, kwenye Preview Scaling, chagua 360p. Mabadiliko hayo mawili ndiyo tofauti kati ya maabara inayofanya kazi na maabara yenye makelele ya "Mwalimu, imeganda!" Kukata ni herufi S mahali mshale ulipo, kufuta kipande na kuziba pengo ni herufi X. Ukiandika herufi hizo mbili na Ctrl+S ubaoni, umefundisha theluthi mbili ya kuhariri.

Shotcut ikikuambia kwamba video ina kasi ya fremu inayobadilikabadilika na inataka kuigeuza, kubali. Simu hazirekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Mwanga ukipungua zinashuka hadi 24 au chini, zikipata mwanga zinapanda. Programu ya kompyuta hudhani kasi ni moja, na kufikia dakika ya pili mdomo wa mwanafunzi na maneno yake vinaachana. Faili iliyogeuzwa huwa kubwa kuliko ya mwanzo, kwa hiyo geuza vipande mnavyotumia tu.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni H.265, mfumo mpya ambao simu nyingi hurekodia ili kuokoa nafasi. Kompyuta ya zamani hukwama nayo, au hucheza sauti huku picha ikiwa nyeusi. Dawa ni kwenye simu, kabla ya kurekodi: kwenye iPhone ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, uchague Most Compatible, kwenye simu nyingi za Samsung zima kitufe cha video za High Efficiency. Ukigundua baada ya kurekodi, programu ya HandBrake itazigeuza, lakini kwa kompyuta ya GB 4 andaa uvumilivu.

Kinachoua miradi mingi, hata hivyo, ni flashi. Faili ya mradi wa Shotcut, yenye mwisho wa .mlt, haina video ndani yake. Ina orodha tu ya mahali video zilipo. Kundi likihariri huku video zikiwa kwenye flashi inayosomeka kama E, kesho wakaichomeka kompyuta nyingine inayoiita F, programu inadai faili zimepotea. Wanafunzi hulia, mwalimu hupaniki, na wala hakuna kilichofutika. Utaratibu wa kuzuia ni huu: kila kundi lina folda moja, ndani yake video zote, sauti zote na ile .mlt, folda inahamishwa nzima nzima, kamwe si faili moja moja. Na kundi likae kompyuta ileile mpaka mwisho, jina lake likibandikwa kwenye kioo kwa karatasi.

Msisahau muda wa kunakili. Flashi ya kawaida inaandika MB 8 hivi kwa sekunde. GB 2 za kundi moja ni zaidi ya dakika 4. Makundi 8, waya mmoja, nusu saa imekwisha bila mtu kujifunza chochote. Nakilini mchana wakati wa chakula. Vivyo hivyo kutoa video ya mwisho: dakika 3 za 720p kwenye kompyuta ya zamani zinaweza kuchukua dakika 10 hadi 20, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Ifanyike asubuhi, kompyuta moja moja, kwenye ile yenye UPS (betri ya akiba) kama ipo.

Njia hii inafundisha ujuzi halisi zaidi ya zote. Pia ndiyo inayoshindwa mara nyingi zaidi ikiwa mradi wa kwanza wa darasa.

Katuni ya picha moja moja

Kitu kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha, kinasogezwa tena, kinapigwa tena. Picha zikichezwa mfululizo, kitu kinatembea chenyewe. Katuni za kitaalamu kwa kawaida hutumia picha 12 au 24 kwa sekunde. Darasani 8 zinatosha, na mwendo wake wa kurukaruka unawachekesha watoto, jambo ambalo si kasoro. Kwa picha 8, sekunde 40 za katuni zinahitaji picha 320. Kundi lililozoea hupiga 4 au 5 kwa dakika, basi ni saa moja na dakika chache, vipindi viwili. Dakika zinazobaki za video zinajazwa na michoro iliyosimama na sauti ya msimulizi. Kundi likiahidi katuni ya dakika tatu nzima, likatalieni. Ni picha 1,440 na litaacha njiani.

Mbegu ya maharage imezaliwa kwa njia hii. Lowesheni mbegu usiku kucha, kwa muda wa saa 12 hivi. Chukueni chupa ya kioo iliyo wazi, ya jamu au ya siagi ya karanga, jazeni pamba iliyoloweshwa, bandikeni mbegu kati ya pamba na kioo ili ionekane kwa nje. Siku ya pili au ya tatu mzizi unatoka. Kisha shina linatokea likiwa limepinda kama ndoano, likiburuta yale majani mbegu mawili nje ya ganda. Ndoano hiyo ndiyo picha ambayo vitabu huichora vibaya na chupa huionyesha sawasawa.

Simu ya mwalimu haiwezi kukaa mbele ya chupa siku nane, na haina haja. Kuna vipindi 8 vya dakika 40 kwa siku, kwa hiyo kuna nafasi 9 za kupiga picha: kabla ya kipindi cha kwanza na baada ya kila kipindi. Kwa siku 8 za masomo ni picha 72, na kwa kasi ya picha 6 kwa sekunde ni sekunde 12 za mmea unaochomoka. Mwishoni mwa wiki picha zinakosekana na mmea unaruka. Muanze Jumatatu, na kwenye video muandike "siku ya 8" mahali pa kuruka. Chupa mbili, mbegu mbili kila moja, kwa kuwa moja ikioza mnayo nyingine.

Kila kitu kinategemea kutotikisika. Chora mstari wa chaki sakafuni kuzunguka miguu ya meza, bandika selotepu kuzunguka kitako cha chupa, na simu iwekwe kwenye kibanio ambacho hakihamishwi: tofali lililofungwa kipande cha boksi chenye mkato wa upana wa simu linatosha, na ni imara kuliko stendi nyingi za bei rahisi. Simu inachomolewa na kurudishwa kwenye mkato uleule. Pigeni kwa kitufe cha sauti cha hedifoni zenye waya, si kwa kugusa kioo, maana mguso wenyewe unaisogeza.

Halafu mwanga. Hili ndilo huharibu katuni nyingi, na waathirika hawaelewi lililowapata. Kamera ya simu hujirekebisha kila picha: wingu likipita, inaongeza mwanga, mwanafunzi mwenye shati jeupe akisogea, inapunguza. Zikichezwa pamoja, picha zinapepesa kama taa yenye waya mbovu. Bonyeza kioo kwa sekunde kadhaa juu ya mbegu mpaka kufuli ya mwanga na umakini itokee, ndipo upige. Kwa chupa ya siku nane kufuli haisaidii sana kwa vile simu inatoka na kurudi. Iwekeni chupa kwenye kona isiyo na dirisha, mbele yake taa moja ileile. Mirija ya fluoresenti inapepesa kwa umeme wetu wa hezi 50 (50 Hz). Kama mnarekodi video chini yake na mistari inapita kwenye picha, tafuteni kwenye mipangilio ya kamera chaguo la 50 Hz, au hamieni barazani.

Programu maarufu ya kazi hii ni Stop Motion Studio. Toleo la bure linatosha kwa kupanga picha na kuweka kasi, na huonyesha picha iliyopita kwa ukungu juu ya mpya ili msogezaji ajue amesogeza kiasi gani. Lakini picha zilizopigwa kwa kamera ya kawaida zinaweza kuingizwa hata kwenye Shotcut kama mfuatano, mradi majina yake yafuatane kwa namba bila kuruka. Mmoja akifuta picha mbaya katikati, mfuatano unakatika hapo. Zipeni namba upya kabla.

Kwenye katuni ya kukata karatasi, wakati mmoja anapiga, wawili wanasogeza vipande, mmoja anahesabu na kuandika namba ya picha daftarini, mmoja anashika taa na kuzuia kivuli. Huyo wa sita anaandika simulizi. Hakuna anayepiga soga. Ndiyo sababu, kwa shule ya msingi, hii inapita nyingine zote, hata kama kuna simu moja tu: makundi yanapishana kwenye kifaa, na lisilo na simu linakata karatasi.

Slaidi zenye sauti

Wengi huona hii si video. Faili ikitoka ni MP4 kama nyingine, inachezwa kwenye projekta, inatumwa kwa mzazi. PowerPoint ya 2013 na zinazofuata hutoa MP4. Ile ya 2010 hutoa WMV, ambayo programu ya VLC inaicheza bila shida.

Kila mwanafunzi anachora hatua moja au mbili za kuota kwa mbegu kwenye karatasi ya A4, kwa kalamu nyeusi nene. Zinapigwa picha, zinawekwa slaidi moja moja, jumla slaidi 10. Kila slaidi ikichukua sekunde 15, ni dakika mbili na nusu. Mwanafunzi anayesoma kwa kueleweka hutamka takriban maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo kila slaidi ina maneno 25. Kikomo hicho cha maneno 25 kinafundisha kuandika kuliko insha nyingi: "Mzizi hutoka kwanza kwa sababu..." na sasa lazima ajue sababu, hana nafasi ya kuzungusha.

Kurekodi kunafanywa kwa slaidi iliyopo, si kwa zote kwa mkupuo. Aliyekosea anarudia slaidi yake tu, na hiyo ni faida kubwa. Kasoro ya kuangalia ni moja: PowerPoint hairekodi sauti wakati slaidi inabadilika. Mwanafunzi akianza kusema kabla slaidi haijatulia, neno la kwanza linamezwa. Ondoeni madoido yote ya kubadilisha slaidi, na kila msomaji ahesabu moja, mbili kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo na kabla ya kubonyeza kwenda mbele. Wakati wa kutoa video hakikisha umechagua itumie muda na sauti zilizorekodiwa, la sivyo kila slaidi itakaa sekunde 5 na kupita kimya.

Pasipo na PowerPoint, OBS Studio ni ya bure na inarekodi kioo huku slaidi za programu yoyote zikichezwa. Kukosea huko ni kuanza tena tangu mwanzo, basi rekodini slaidi mbili tatu kwa kipande.

Sauti, kwa njia zote nne

Watazamaji husamehe picha mbaya, sauti mbaya hawaisamehe. Darasa la kuta za saruji na paa la bati lina mwangwi, na mvua ikinyesha kazi imekwisha. Maiki ya simu inatakiwa iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inaongezeka kwa desibeli 6 hivi huku mwangwi ukibaki palepale. Chumba bora cha kurekodia shuleni ni stoo ya magodoro, au bweni mchana, msomaji akielekea nguo zilizotundikwa. Hakihitaji senti.

Rekodini simulizi peke yake, baadaye muiweke juu ya picha. Kujaribu kusema na kuigiza mbele ya simu iliyo mita tatu ndiko kunakozaa video ambazo mwalimu analazimika kueleza kwa mdomo zinasema nini.

Muziki uwe wa kwao: ngoma, makofi, kwaya ya darasa. Wimbo wa msanii uliopakuliwa unaweza kusababisha video kuzuiwa au kunyamazishwa ikipelekwa YouTube. Na kabla sura ya mtoto haijatoka nje ya ukuta wa shule, ruhusa ya mzazi iwe kwa maandishi, ikitaja video itaonyeshwa wapi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hapa katuni na slaidi zinapata pointi nyingine: zinaonyesha mikono na michoro, si nyuso.

Ipi kwa nani

Mradi wa kwanza, darasa kubwa, maabara ipo: slaidi zenye sauti. Hakuna maabara, simu moja tu, shule ya msingi: katuni, makundi kwa zamu, sekunde 20 kila kundi, kisha zote ziunganishwe kuwa video moja ya darasa. Mradi wa pili, na wanafunzi wameshajua kuandika simulizi fupi: Shotcut, mkianza na video ya dakika moja tu. Klabu ndogo yenye mwalimu mwenye muda wa jioni: simu, na KineMaster kabla ya CapCut.

Njia mbili zinaweza pia kuoana vizuri: zile sekunde 12 za mbegu kwenye chupa zichomekwe kwenye slaidi ya tano, kati ya michoro. PowerPoint inapokea video ndani ya slaidi; iweke ianze yenyewe, si kwa kubofya, ama sivyo huenda isichezwe kwenye MP4.

Ya kutuma kwa WhatsApp itumwe kama hati, si kama video, kwa sababu ikitumwa kama video inabanwa na maandishi madogo hayasomeki. Ya kuonyesha darasani inakiliwe kwenye kompyuta ya projekta siku moja kabla, ichezwe yote kwa VLC kupitia spika zitakazotumika. Simu iliyoshikwa wima wakati wa kurekodi itaonekana sasa: ukanda mwembamba katikati, weusi pande zote mbili. Kwa hiyo andikeni kwenye lile tofali la kushikia simu, kwa chaki, kabla ya siku ya kwanza: LALA.